Helikopta imekarabatiwa, imeboreshwa, au imefumuliwa na kusukwa upya?

Mwalimu mmoja wa Kiswahili wa sekondari, Masasi, ameniletea swali lililozuka darasani kwake, kidato cha tatu. Aliwapa wanafunzi habari ya Kiingereza inayoeleza namna helikopta za jeshi aina ya Mi-24 na Apache zilivyobuniwa na kubadilishwa kwa miaka mingi, akawataka waieleze kwa Kiswahili. "Mmoja kaandika helikopta ya kivita, mwingine ya mashambulizi, mwingine ya kushambuliwa," anasema. "Kazi iliyofanyika kiwandani wengine wameiita ukarabati, wengine uboreshaji, wengine wamesema imesasishwa, na mmoja kaandika maendeleo ya helikopta. Tena kuna kijana kashikilia kwamba helikopta ni ndege, na ndege hupatanishwa kama kiumbe chenye uhai, basi tuseme Apache ameruka. Nimpe nani alama?"

Mwalimu, nianze na huyo kijana, maana hoja yake ina akili hata kama naikataa. Neno ndege ni moja lakini lina upatanisho wa aina mbili, na upatanisho ndio unaotuambia tunazungumzia nini. Ukisema ndege ametua, msikilizaji anatazama juu ya mkorosho. Ukisema ndege imetua, anageukia uwanja wa ndege wa Mtwara. Kifaru vivyo hivyo: wa porini kule Liwale amesimama, cha jeshi kimesimama. Helikopta haijawahi kuwa kiumbe. Iliingia katika Kiswahili ikiwa chombo, na kamusi zinaiweka katika ngeli ya i-/zi-. Kwa hiyo Apache imeruka, na zikiwa nyingi, zimeruka. Angekuwa anasimulia habari za mtu wa kabila la Wamarekani Wenyeji ambalo jina lake ndilo lililopewa helikopta hiyo, angeandika Mwapache amesema, na angekuwa sahihi kabisa.

Afrika Kusini nao wana helikopta yao iitwayo Rooivalk, jina la Kiafrikana lenye maana ya kipanga mwekundu. Hapo sarufi inaonekana waziwazi: kipanga ni mwekundu, lakini helikopta yenyewe ukiipaka rangi hiyo itakuwa nyekundu. Mpe kijana nusu alama, kwa sababu kanuni anaijua, alikosea mahali pa kuitumia.

Kuhusu jina la chombo, chopa ni la mazungumzo, na tumelizoea zaidi tangu wanasiasa waanze kutua nazo kwenye mikutano ya kampeni. Katika insha aandike helikopta. Neno hili lilibuniwa Ufaransa mwaka 1861 na Gustave de Ponton d'Amécourt, aliyeunganisha maneno mawili ya Kigiriki: moja la msokoto, la pili la bawa. Bawa la msokoto. Ukilitazama pangaboi la juu linavyoikata hewa kama parafujo inavyouma ubao, unaona jina lilitoka wapi.

Sasa hizo helikopta tatu za wanafunzi wako. Ya kushambuliwa iondoke kwanza. Kile kiambishi -w- kinaihamisha helikopta kutoka upande wa mpigaji kwenda upande wa mpigwaji, kwa hiyo maana yake ni chombo kilichowekwa ili kipigwe. Hilo ni kosa la sarufi, wala si la uteuzi wa neno, na likatwe alama.

Ya kivita na ya mashambulizi zote ni Kiswahili safi, ila hazisemi jambo moja. Kivita ni neno pana. Mwaka 2013 wanajeshi wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi walipokuwa katika kikosi cha Umoja wa Mataifa kilichopigana na waasi wa M23 mashariki mwa Kongo, Afrika Kusini ilikuwa na helikopta za aina mbili huko. Oryx ni ya kubeba askari, shehena na majeruhi. Rooivalk, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1990, iliundwa kwa ajili ya kupiga. Zote mbili ni helikopta za kivita, kwa kuwa zote zilikuwa kazini vitani. Ya mashambulizi ni Rooivalk peke yake. Helikopta ya kushambulia nayo ni sahihi. Mimi napendelea ya mashambulizi kwa sababu inataja aina ya chombo, ilhali ya kushambulia inaweza kusomwa kama kazi iliyopangwa kwa siku moja tu. Na shambulio, kwa umoja, ni tukio: helikopta ya shambulio la jana.

Katikati ya hizo mbili kuna ya tatu ambayo wengi wanaisahau, na sisi wa Kusini hatuna sababu ya kuisahau. Wakati wapiganaji wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji, wakifunzwa Nachingwea na kuvuka Ruvuma kwenda vitani, Wareno walitumia helikopta ya Kifaransa iitwayo Alouette III. Kwa asili ilikuwa chombo cha kubeba watu na majeruhi. Wareno waliifunga mzinga wa milimita 20 uliochungulia ubavuni, wakaipa jina helicanhão, yaani helikopta mzinga. Kwa Kiswahili hiyo ni helikopta iliyofungwa silaha. Silaha imeongezwa juu ya chombo kilichobuniwa kwa kazi nyingine.

Helikopta ya mashambulizi kwa maana kamili huchorwa tangu mwanzo ikizunguka silaha zake. Cobra ya Marekani ndiyo iliyofungua njia: iliruka mara ya kwanza Septemba 1965, ikafika Vietnam mwaka 1967. Mwili wake ulikuwa mwembamba, haufiki mita moja kwa upana, ili adui apate shida kuilenga. Mpiga silaha alikaa mbele, rubani nyuma yake, juu kidogo. Mpangilio huo wa viti ndio uliofuatwa na nyingi zilizokuja baadaye.

Nimetaja mzinga, na siwezi kulipita neno hili bila kusimama. Kabla haujawa wa moto, mzinga ulikuwa wa nyuki: gogo lililochimbwa ndani, ambalo mpaka leo hutundikwa mitini na warina asali. Aliyelitazama bomba la chuma lenye uwazi akaliita mzinga alikuwa na jicho zuri. Kama kuna mwanafunzi aliyeiita bunduki ile silaha ya milimita 30 iliyo chini ya pua ya Apache, mrekebishe. Ni mzinga, na hugeuka kufuata kichwa cha mtumiaji anapoangalia.

Tufike kwenye vitenzi, ambako ndiko kwenye uzito. Naomba twende ufukweni Mikindani kwanza.

Jahazi linavuja. Linapandishwa pwani, mbao zilizooza zinatolewa, mpya zinapigwa, nyufa zinakalafatiwa, kisha linarudi majini. Hapo jahazi limekarabatiwa. Lilikuwa limeharibika, sasa limerudi kuwa lile lililokuwa. Halijapata mbio zaidi wala halibebi zaidi. Mwaka wa pili mwenye chombo anapata fedha, analifunga mashine ya dizeli, sasa linakwenda hata upepo ukilala. Hapo limeboreshwa: ni lilelile, lakini linaweza lisiloliweza zamani. Likija kuvuliwa mbao zote, yakabaki mataruma na mkuku, yaani mbavu na uti wa mgongo wa chombo, mafundi wakaanza tena kulijenga kwa umbo jingine, hilo limeundwa upya. Kazi tatu hizi nahodha hawezi kuzichanganya, kwa sababu kila moja ina bei yake.

Rudi kwenye Mi-24 ukiwa na jahazi hilo kichwani. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1969, katika Umoja wa Kisovieti, ikitoka katika ofisi ya usanifu ya Mikhail Mil. Tofauti na Cobra, ilikuwa na nafasi ya kubeba askari wanane huku ikipiga. Matoleo ya mwanzo yalikuwa na chumba kipana cha vioo mbele, na marubani walilalamika kwamba hawaoni vizuri. Wabunifu wakairudia pua yote. Kuanzia toleo la D, mpiga silaha na rubani wakakaa kila mmoja ndani ya kuba lake la kioo, mmoja mbele ya mwenzake. Aliyeandika kwamba Mi-24 ilikarabatiwa hapa amekosa, kwa sababu hakuna kilichokuwa kimeharibika. Pua ilibuniwa upya.

Kisha ikaja vita ya Afghanistan. Kuanzia mwaka 1986 wapiganaji wa huko walipata makombora ya Stinger, ambayo hubebwa begani na hufuata joto la injini. Mi-24 zikafungwa vifaa vya kupoza moshi unaotoka kwenye injini, na zikawa zinamwaga miali ya moto angani ili kombora lipotee njia. Chombo ni kilekile, kimeongezewa kinga. Hapo neno ni kuboresha, bila ubishi. Mjukuu wake, Mi-35M, amekwenda mbali zaidi: mabawa yamefupishwa, magurudumu hayakunjwi tena, na ana vifaa vya kuonea usiku. (Nimesema mjukuu amekwenda, kwa sababu mjukuu ana uhai hata akiwa wa chuma. Mi-35M yenyewe imekwenda.)

Apache ndiyo iliyowachanganya wanafunzi wako zaidi, na nawaelewa. Iliruka kwanza Septemba 1975. Toleo la D, lililoanza kukabidhiwa mwaka 1997, liliweza kubeba rada iliyofungwa juu kabisa ya pangaboi, katika kitu kama chungu kilichofunikwa. Faida yake ni kwamba helikopta inajificha nyuma ya kilima au miti, inatoa chungu hicho peke yake, na inauona uwanja mzima. Aliyeandika kwamba hapo Apache ilisasishwa hajakosea sana, lakini neno ni dogo kuliko kazi. Kusasisha kumetokana na sasa: ni kukileta kitu kwenye wakati huu. Tunasasisha programu ya simu, orodha ya wapiga kura, ramani. Kompyuta za Apache husasishwa. Helikopta iliyopewa jicho jipya imeboreshwa.

Toleo la E ndilo linalonipa furaha ya kulitafutia neno. Helikopta nyingi za zamani hurudishwa kiwandani Mesa, Arizona, zikavuliwa vifaa, vinavyofaa vikahifadhiwa, vilivyopitwa na wakati vikaachwa, na kinachotoka mlangoni ni AH-64E yenye injini za nguvu zaidi, mapanga mapya na uwezo wa kuongoza ndege zisizo na rubani. Kukarabati hakufiki hapo. Kuboresha kunafika nusu ya njia. Kiswahili kina msemo uliokuwa ukitungoja: kufumua na kusuka upya. Umetoka kwa wasusi na wasuka mikeka, ukaenda kwa makocha wa timu za mpira na kwa serikali, na unaingia kiwandani bila taabu, kwa sababu mafundi wa magari tayari wanasema wamefumua injini.

Wanafunzi wakitaka mfano wa karibu, wapeleke kwenye shamba la mikorosho. Kwa teknolojia inayohimizwa na kituo cha utafiti cha Naliendele, mkorosho mkongwe usiozaa hukatwa, machipukizi yakishatoka hubebeshwa vikonyo vya aina bora. Mizizi ni ya miaka mingi, korosho ni za mti mpya. Mkulima hasemi ameukarabati mkorosho. Anasema ameubebesha, na kila mtu anajua kazi iliyofanyika.

Maneno mawili yamebaki. Kutengeneza tulitumie kwa tahadhari, kwa kuwa limebeba kuunda na kurekebisha kwa pamoja. Fundi aliyetengeneza redio ameiunda au ameirekebisha? Mtaani muktadha unatosha. Katika habari ya helikopta, ambamo kuunda na kurekebisha vyote vimo, tutenganishe: kubuni ni kazi ya mezani, kuunda ni ya kiwandani, kukarabati ni ya karakana. Kuunda ni neno la waunda majahazi, na linafaa sana kwa chombo cha angani.

Na maendeleo ya helikopta? Mwanafunzi ameona neno la Kiingereza development, akachukua la kwanza alilolikumbuka. Maendeleo ni ya kijiji, ya mtoto shuleni, ya mgonjwa wodini. Helikopta haina maendeleo kwa maana hiyo. Ina historia ya kubuniwa na kuboreshwa kwake, au kwa ufupi, ubunifu na uboreshaji wake.

Kwa hiyo, mwalimu: ya mashambulizi apate alama kamili, ya kivita apate nusu. Uboreshaji apate kamili popote alipozungumzia kinga na rada. Kusasisha apate kamili kama sentensi yake ilitaja kompyuta. Ukarabati asipate. Ningependa darasa zima liandike tena sentensi moja, hii hapa niliyoiweka kwa namna yangu: "Helikopta ya mashambulizi ya Apache, iliyoruka mara ya kwanza mwaka 1975, imeboreshwa mara kadhaa, na nyingi za zamani zimefumuliwa na kusukwa upya hadi kuwa za toleo la E." Wakipata kitenzi kizuri zaidi ya kufumua, naomba uniletee.