Nywele za mtoto hazijagoma kuota

Dada uliyeuliza kwa nini nywele za binti yako wa miaka 9 haziongezeki, na kama ni kweli kwamba ukizikata ncha kila mwezi zitakua, nakujibu kwa yale niliyoyaona katika miaka 17 ya kusuka watu hapa Lubumbashi, katika komini (sehemu ya jiji) iitwayo Kenya.

Suala la kukata lina jibu fupi. Unywele huota kutoka kwenye mzizi ulio chini ya ngozi, na sehemu tunayoiona nje haina uhai, kwa hiyo mzizi hauwezi kujua kwamba ncha imekatwa. Mkasi unasaidia pale tu ncha zilipopasuka, ili mpasuko usizidi kupanda. Nywele hukua takriban sentimita 1 kwa mwezi, ukate usikate. Ikiwa mwaka umepita na urefu ni uleule, jua kwamba zimeota zikakatika, au zimeng'olewa, na swali la kujiuliza ni zinapotelea wapi.

Umesema zimepungua zaidi kwenye paji la uso na juu ya masikio. Hapo sitafuti mbali: ni msuko. Wasusi wengi tumelelewa katika imani kwamba msuko usiouma haudumu, na mtoto akilia huambiwa avumilie, kesho utalegea. Mimi pia niliamini hivyo. Siku mbili kabla ya shule kufunguliwa mwezi wa Septemba nilimsuka mtoto wa dada yangu mistari myembamba, nikamwongezea meshi (nywele za bandia) nzito zilizofika kiunoni, nikavuta mpaka nyusi zake zikapanda. Asubuhi alikuwa na vipele vidogo vyeupe kwenye kila mstari wa mbele, na hakuweza kulaza kichwa upande wowote. Nikampaka mafuta na kumwambia mama yake kwamba ni kawaida. Haikuwa kawaida, na jambo hilo linaniuma hadi leo. Tulipofumua baada ya miezi miwili, nywele za pembeni zilitoka pamoja na meshi, zikaacha ngozi tupu inayong'aa.

Usichanganye hilo na donge la nywele linalobaki kwenye kichana unapofumua. Kila mtu hupoteza nywele 50 hadi 100 kwa siku, na zikiwa zimesukwa hazina pa kuangukia. Baada ya wiki kadhaa zinaonekana nyingi mno ingawa kichwa ni kizima. Hatari iko pale zinapotoka sehemu moja. Mtoto yule nywele zake zilirudi baada ya karibu mwaka mzima, kwa sababu tuliacha kumvuta mapema. Lakini nina wateja watu wazima ambao sehemu hiyo haikurudi tena, kwa kuwa mzizi uliovutwa miaka na miaka huishia kuwa kovu, na kovu haliotei nywele, hata upake mafuta ya bei gani.

Kwa hiyo mtoto akisema anaumia, msusi afumue mstari ule palepale. Vinywele vya pembeni viachwe nje, meshi ziwe fupi, na msuko usipite wiki 6 hadi 8. Defrizani usimtie kabisa katika umri huo. Dawa hiyo hunyoosha unywele kwa kuvunja viungo vinavyoupa nguvu, na wanaosema kwamba ikichoma ndipo inapofanya kazi wanakosea: ikichoma, inaunguza ngozi. Ukitaka nywele zake zinyooke, msuke kwa uzi kama bibi zetu walivyofanya, bila kukaza.

Kuhusu mafuta, najua hapa kwetu kuanzia Mei hadi Septemba hakuna mvua, vumbi linapaa na midomo inapasuka, basi tunamwaga mafuta kichwani tukidhani yataleta unyevu. Unyevu ni maji. Mafuta huyazuia tu yasitoke haraka, kwa hiyo lowesha nywele kwanza, kisha paka kidogo, zaidi kwenye urefu na ncha. Kama ana mba, kumlundikia mafuta kwenye ngozi kunaweza kuuzidisha. Muoshe mara kwa mara. Ila ukiona mabaka ya mviringo yenye magamba na nywele zilizokatika, hayo ni mapunye, na humpasa daktari ampe dawa ya kumeza, maana ya kupaka peke yake haifiki kwenye mzizi.

Ukimfumua, mpeleke kwenye mwanga wa dirisha na utazame ngozi ya juu ya masikio. Ukiona vinywele laini kama vya mtoto mchanga, mizizi ingali hai. Usimsuke sehemu hiyo mpaka vifike urefu wa kidole.