Helikopta ya Kwanza ya Rimoti kwa Kijana: Mambo ya Kuangalia Kabla ya Kununua

Msimu wa korosho unapofika na malipo ya minada yakaanza kuingia, wazazi wengi wa Mtwara hukumbushwa ahadi walizowapa watoto wao, na siku hizi miongoni mwa ahadi hizo imo helikopta ya rimoti. Kwa kuwa mpwa wangu alianza kujifunza kuirusha kwangu, hapa Shangani, akiwa na miaka 13, ndugu na majirani wamezoea kuniuliza ni ipi inayofaa. Huwa nawajibu kwamba waulize kwanza kama mapanga yake, gia zake na betri zake vinapatikana kwa kuuzwa peke yake, ndipo waulize bei. Hakuna anayejifunza kurusha helikopta bila kuiangusha, na isiyo na spea huishia juu ya kabati mara tu panga la kwanza linapovunjika.

Dukani helikopta hizi hufanana sana, lakini hazirushwi kwa namna moja. Zile ndogo za bei nafuu, kama Syma S107G, zina seti mbili za mapanga zilizopandana kwenye mhimili mmoja, moja ikizunguka kulia na nyingine kushoto, hivyo nguvu zinazotaka kuuzungusha mwili wa chombo hupingana zenyewe na helikopta hutulia hewani hata kama mkono wa anayejifunza bado ni mzito. Upungufu wake ni kwamba ina chaneli tatu tu: hupanda na kushuka, hugeuza pua, na husogea mbele au nyuma kwa msaada wa kipanga kidogo kinachoinua au kushusha mkia. Kwenda ubavu haiwezi. Tena rimoti yake hutumia miale ya infraredi, kama ile ya televisheni, ambayo huzidiwa na jua la mchana, kwa hiyo ni chombo cha sebuleni. Kwa mtoto wa miaka 9 inatosha kabisa. Kijana wa sekondari ataichoka mapema.

Kijana wa umri huo ni vyema anunuliwe yenye chaneli nne, inayotumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4, yenye seti moja ya mapanga yasiyobadili mwinamo, pamoja na jairo inayomsaidia kuiweka sawa inapoyumba. WLtoys V911S ni mfano mzuri wa aina hii: ni nyepesi, haiumii sana inapoanguka, na spea zake huuzwa moja moja. Zile za chaneli sita, zinazobadili mwinamo wa mapanga na kuweza kuruka chini juu, zisiwe za kwanza kwa yeyote, hata muuzaji aseme nini, kwa sababu mapanga yake makubwa yanaweza kumjeruhi mtu vibaya. Yenye kamera nayo naishauri iachwe, kwani kamera huongeza uzito na bei bila kumfundisha kijana lolote kuhusu kuirusha.

Ukiagiza kutoka Dar es Salaam au mtandaoni, hakikisha kwamba kijiti cha kupandisha chombo kiko upande wa kushoto wa rimoti, yaani mfumo wa pili (huandikwa “Mode 2”), kwa kuwa ndio uliozoeleka zaidi na kijana atakutana nao tena akinunua nyingine. Katika mzigo huo huo agiza betri mbili za ziada, seti kadhaa za mapanga makuu, mkia mmoja pamoja na mota yake, na bisibisi ndogo inayoingia kwenye skrubu zake. Kusubiri panga moja lije na basi ni njia ya haraka ya kuua hamu ya mtoto.

Betri ndilo jambo ninalolisisitiza kuliko yote. Hizi ni betri za lithiamu, za volti 3.7 kwa seli, na zikijaa hufika volti 4.2. Hutoa dakika chache tu za kuruka, na helikopta inapoanza kukosa nguvu za kupanda inapaswa kutua papo hapo, kwa sababu betri ya namna hii ikikaushwa kabisa huharibika. Iache ipoe kabla ya kuichaji, na uichaji juu ya sakafu ya saruji au vigae, mbali na godoro na mapazia, mtu mzima akiwepo. Iliyovimba isichajiwe tena hata mara moja.

Kabla ya kila mruko, mpwa wangu hushika kila panga kwa vidole viwili na kulipinda kidogo karibu na skrubu, akitafuta ufa mwembamba kama unywele. Ufa huo ndio unaofanya mwili mzima utetemeke na mkia ucheze, ingawa wengi hudhani jairo ndiyo mbovu. Skrubu nayo isikazwe kupita kiasi: panga linapaswa kukunjika likigonga kitu, si kukatika. Na helikopta ikianza kuanguka, kijiti kishushwe hadi mwisho mara moja, maana mota inayolazimishwa kuzunguka huku mapanga yamekwama huungua.

Mazoezi ya mwanzo yafanyike ndani, panga boi likiwa limezimwa na wadogo zake wakiwa wamekaa pembeni. Mkia umwelekee yeye, ili kulia kwake kuwe kulia kwa chombo, na lengo liwe kutulia mahali pamoja kwa kimo cha kiuno. Pua ikimgeukia, kulia na kushoto hubadilishana, na hapo ndipo wengi huangusha, kwa hiyo hatua hiyo isubiri hadi ya kwanza iwe imezoeleka.

Nje ni baadaye. Kipindi cha kusi, upepo wa pwani hii huweza kuipeleka helikopta nyepesi mpaka kwenye minazi ya jirani, kwa hiyo atoke asubuhi mapema, kabla upepo wa bahari haujaamka, kwenye uwanja wenye nyasi na usio na watu. Kandokando ya uwanja wa ndege, iwe huku Mtwara au Kikwetu kule Lindi, asirushe kabisa. Akirudi nyumbani aifute chombo kwa kitambaa kikavu, hasa kwenye gia, kwa kuwa mchanga na chumvi ya baharini huzila haraka.