Fundi wa Mfereji Anajibu: Injini Mpya, Shafti Kongwe

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi ni muuguzi hapa Leicester, na huu ni mwaka wa tatu naishi ndani ya boti ya chuma ya futi 57, moja ya zile nyembamba za mifereji ya Uingereza. Injini yake ni Lister SR3, ya silinda tatu, inayopozwa kwa hewa. Imechoka. Asubuhi haiwaki mpaka uibembeleze, inatoa moshi wa bluu, na spea ninazopata karibu zote ni za mtumba. Nimeamua kununua injini mpya ya nguvu farasi 38, ya kupozwa kwa maji. Fundi mmoja alikuja kuangalia akasema shafti ya propela "bado nzima, iache hivyo hivyo", ingawa boti hutetemeka nikiongeza mafuta, na kila baada ya siku mbili nakuta maji ya ngama, yale yanayokusanyika sakafuni mwa boti, yamejaa huko tezi, yaani nyuma. Je, niagize injini sasa, shafti nije niishughulikie baadaye? Na lazima boti itolewe majini?
*Mkaa Mfereji, Leicester*

JIBU: Marahaba, mwanangu. Usiagize bado. Kwanza nikueleze kwa nini neno "baadaye" linanitia wasiwasi, maana niliwahi kuambiwa maneno hayo hayo ya "bado nzima" nikayaamini.

Boti yangu niliitia injini mpya nikaiacha shafti ya zamani. Majuma machache tu nikawa napanda malango ya maji ya Foxton, yale 10 yaliyopangwa kama ngazi ya kupandishia boti mlimani, na kila nikiongeza mafuta kutoka lango moja kwenda jingine nilihisi mtetemo ukipanda kwenye nyayo. Nilipofika juu nikafunga kamba, nikazima injini, nikafunua mbao za tezi. Maji yalikuwa yameshagusa chini ya giaboksi. Nikalegeza boksi la pakingi, pale shafti inapotokea nje na kamba za pakingi zinazuia maji yasiingie, nikairudisha nyuma ile kola inayobana, nikapitisha ukucha juu ya shafti. Ukucha ulizama. Pakingi ya miaka mingi ilikuwa imekula chuma mpaka ikachimba mfereji wake wa duara, na pale hakuna pakingi mpya itakayoziba hata uikaze namna gani. Ukikaza zaidi unaipasha moto shafti na kuila zaidi.

Sasa sikia kilichoniumiza. Shafti ile haikuweza kutoka kwa nyuma, kwa sababu usukani umesimama nyuma ya propela, na kwenye boti nyingi za mfereji nafasi iliyobaki hapo haitoshi kupitisha shafti nzima. Haikuweza kuja mbele, kwa sababu injini mpya ilikuwa imekaa njiani. Ikabidi nifungue injini niliyokwisha kuilipia, kaplingi (kiungo cha shafti na giaboksi), kebo, mabomba, ekzosi, kila kitu, niisogeze mbele ndipo shafti ipate njia. Kazi moja nikaifanya mara mbili. Siku injini yako ya zamani itakaponyanyuliwa, nafasi inayobaki pale ndiyo mlango wa shafti, na utakuwa wazi kwa siku chache tu. Mlango huo ukishafungwa na injini mpya, huo ndio mwisho wake.

Kwa hiyo anza kwa kupima. Zima injini, toa ufunguo utie mfukoni, fungua kidirisha cha magugu kule tezi, kile cha kufikia propela, uingize mkono majini. Shika propela uisukume juu na chini, kulia na kushoto. Kisha rudi ndani ufanye vivyo hivyo na shafti karibu na boksi la pakingi. Ikicheza kiasi cha wewe kuiona kwa macho, beringi imekwisha. Halafu mwombe mtu aizungushe shafti polepole kwa mkono, gia ikiwa huru, nawe uweke ncha ya penseli tuli karibu na chuma chake. Mwanya ukiwa unapanuka na kufinyika kila mzunguko, shafti imepinda. Mtetemo na maji kwa pamoja, kama ulivyoeleza, kwangu mimi ni dalili tosha ya kuibadilisha. Agiza ya chuma cha pua. Kipimo kinachotumika sana kwenye boti hizi ni inchi moja na nusu, yaani milimita 38, lakini kama yako ni nyembamba kuliko hapo, bomba la shafti na beringi navyo vitabidi vibadilishwe. Urefu usiukate kwa kukisia. Injini mpya ikae kwanza mahali pake kwa kupimia tu, ndipo upime kutoka kwenye flenji ya giaboksi (ule uso wa duara unaoungana na shafti), kisha isogezwe tena shafti ipite, kwa sababu giaboksi mpya haitafika pale pale ilipofika ya zamani.

Jambo ambalo fundi wako hakukutajia, na mimi naliona kubwa kuliko shafti, ni upozaji. Lister yako inapozwa kwa feni, kwa hiyo boti yako huenda haina kabisa tangi la ubavuni. Ni kisanduku chembamba cha chuma kinachochomelewa upande wa ndani wa ubavu wa boti, chini ya usawa wa maji. Maji ya injini yanazunguka humo yakipozwa na mfereji ulio upande wa pili wa bati. Injini ya maji haiwezi kuishi bila tangi hilo, maana kuvuta maji ya mfereji wenyewe, yenye matope, majani na mifuko ya plastiki, ni kujitafutia maradhi. Hesabu inayotumika ni rahisi: gawa nguvu farasi kwa 4, jibu ni futi za mraba za bati linalogusa maji. Kwa 38 unapata futi 9.5, karibu mita ya mraba moja kasoro kidogo. Ndani yake ziwekwe kuta za kuyalazimisha maji kuzunguka tangi zima, la sivyo yataingia mlango huu na kutokea ule yakiwa bado moto. Uchomeleaji huo ufanyike injini ikiwa nje na eneo limesafishwa oili. Hii nayo ni sababu ya kutoagiza kwa pupa.

Na je, 38 unazihitaji? SR3 yako ina karibu nguvu farasi 20, na imekusukuma miaka yote hiyo. Kwenye mfereji, ambako mwendo wa juu unaoruhusiwa ni maili 4 kwa saa, boti kama yako haitumii hata nguvu farasi 10. Ziada unaihitaji mtoni, mvua ikinyesha na maji ya mto Soar yakija kwa kasi, nawe uko Leicester ambako njia yenyewe ni mto. Kwa hiyo 38 sitazikataa, ila usikubali mtu akupandishe hadi 50. Dizeli inayotembezwa bila mzigo miaka nenda miaka rudi, kuta za silinda hulainika kama kioo, oili ikaanza kupita.

Ukiagiza, mpelekee muuzaji namba nne: urefu kutoka katikati ya shafti hadi juu ya vyuma vinavyobeba injini, upana kati ya vyuma hivyo, uwiano wa gia uliomo sasa (umeandikwa kwenye kibati cha giaboksi), na upande inaozungukia propela. Huo wa mwisho unautazama ukiwa nyuma ya boti, gia ikiwa ya mbele: panga la juu likielekea kulia, propela ni ya kulia. Giaboksi mpya ikizungusha kinyume, propela yako ya sasa haitafaa, na ni afadhali uyajue hayo kabla ya lori kufika. Lister pia ni chuma kizito sana. Ukiitoa na kuweka nyepesi, tezi itainuka na propela itapanda karibu na uso wa maji. Piga alama ya rangi ubavuni kwenye usawa wa maji kabla injini haijatoka, kisha uongeze uzito ndani mpaka alama irudi mahali pake.

Sasa shafti na propela zinavyokutana. Ncha ya shafti imechongoka, na propela ina tundu la kuchongoka vivyo hivyo. Zinashikana kwa kubanana; kii, kile kipande cha chuma kinachoingia kwenye mfuo kati yao, inasaidia tu. Nimeona propela nyingi zinazoning'inia juu ya kii badala ya kukaa kwenye chuma. Kabla hujafunga, ivishe bila kii, isukume mpaka igome, piga mstari wa penseli pale inapoishia. Itoe, weka kii, ivishe tena. Isipofika kwenye mstari ule ule, kii ni ndefu juu. Isuguliwe mpaka propela ikae. Ndipo nati ikazwe na kotapini ipite.

Kuhusu gudi, yaani kuitoa boti majini: injini inaweza kubadilishwa boti ikiwa majini, kwa kreni ya pembeni mwa mfereji. Shafti sikushauri, maana bomba likibaki wazi mto wote unataka kuingia. Pangilia kazi hii na zamu ya kupaka boti lami, ambayo kila baada ya miaka miwili mitatu unaifanya hata hivyo, ubadilishe na vipande vya chuma vya kulinda bodi dhidi ya kutu.

Lakini kulinganisha shafti na injini, huko kwa mwisho kabisa, kufanywe boti ikielea. Bodi iliyokaa juu ya magogo haina umbo lile lile la bodi iliyobebwa na maji. Kaplingi ya mpira itolewe kwanza; kazi yake ni kumeza mtikisiko, si kuficha kazi mbovu. Ncha ya shafti iliyo huru huinama kwa uzito wake, basi iinue, iachie, uishikilie katikati ya hapo. Sogeza flenji mbili zikutane, upime mwanya kwa bapa nyembamba za kupimia, juu, chini, kulia, kushoto. Kwa flenji ya milimita 100 tofauti isizidi 0.1, yaani unene wa karatasi. Kisha zungusha shafti robo duara, upime tena. Mwanya mpana ukibaki upande ule ule, injini ndiyo haijakaa sawa, rekebisha nati za mauntingi, ile miguu ya mpira inayobeba injini. Ukihama pamoja na shafti, shafti au flenji yake imepinda, na hapo usikubali jibu la "itazoea". Mpira wa mauntingi mpya hushuka, kwa hiyo baada ya saa kama 50 za kutembea pima upya. Mwandikishe fundi hilo kwenye bei kabla hajaanza.

Majaribio yafanyie mtoni, penye kina. Kanyaga mafuta yote: injini ikikaribia mizunguko yake ya juu iliyoandikwa kwenye kitabu, propela ni sawa. Ikikwama chini na kutoa moshi mweusi, propela ni kubwa mno. Kwenye mfereji wenye maji mafupi jaribio hilo litakudanganya.

Pakingi mpya iache itoe tone moja moja siku za mwanzo, ukiwa unashika boksi kwa kiganja. Vuguvugu sawa, moto hapana. Na kila jioni ukishazima, zungusha kile kikombe kinachosukuma grisi kwenye pakingi mpaka uhisi kinakuwa kigumu. Niandikie ukishapima.

SWALI: Fundi, boti yangu ina injini ya dizeli ya zamani, BMC 1.5. Inatembea vizuri ila inavuja oili nyuma, upande wa flaiwili. Jirani ananiambia injini imekufa, nibadilishe. Nifanyeje?
*Baba Salma, London*

JIBU: Baba Salma, hapana, usiizike injini inayotembea. BMC hizo nyuma hazina sili ya mpira kama za leo. Zina hesi iliyochongwa kwenye krankishafti inayorudisha oili ndani, na presha ikizidi ndani ya injini, hesi inashindwa. Anza na bomba la kupumulia la injini: lifungue, ulisafishe, hakikisha halijaziba. Angalia pia kwamba hujajaza oili kupita alama. Mara nyingi mvujo unapungua hapo hapo. Ukibaki mkubwa, pima kompresheni ya silinda zote nne, kwa sababu ringi zilizochoka ndizo zinazopitisha presha chini. Na namba zikiwa mbovu, hapo ndipo tuzungumze habari ya kubadilisha.

Wakati huo huo, hakikisha trei ya chini ya injini haina tundu na haichanganyiki na maji ya ngama. Wakaguzi wa cheti cha usalama wa boti, kile cha kila miaka minne, hukiangalia hicho, na wana haki. Oili ya trei ifute kwa matambara au inyonye kwa pampu ya mkono, uitie kwenye dumu uipeleke panapopokelewa oili chafu. Pampu ya ngama inayojiwasha yenyewe iondoe kabisa karibu na trei hiyo, kwa maana siku trei itakapofurika, pampu itaitema oili yote mferejini nawe uko kazini.