Barua kwa mwanangu: kitabu ambacho mkeo anaujua mwisho wake

Ujiji, Kigoma

Mwanangu Idrisa,

Huku hatujambo, na nimefurahi kwamba umeuliza badala ya kununa. Unasema mkeo anasoma riwaya za mapenzi hadi usiku wa manane, anafuta machozi, ilhali tangu ukurasa wa kwanza anajua wale wawili wataoana. Unataka kujua anapata nini humo, na kama ni dalili kwamba kwako kuna kitu anakikosa.

Nianze na hilo la pili: hapana. Anayependa taarabu za mafumbo si lazima awe na ugomvi na jirani.

La kwanza ndilo refu. Mwisho unaojulikana ndio dhamana ya riwaya hizi. Msomaji akishaahidiwa kwamba atatoka salama, anajitosa mzimamzima kwenye maumivu ya wahusika. Samuel Richardson, mchapaji wa London, alikuwa anatunga kitabu cha barua za mfano kwa wasiojua kuandika barua. Humo humo akapata wazo la riwaya yake Pamela, iliyotoka 1740. Mtumishi wa ndani anawaandikia wazazi wake kuhusu bwana anayemwandama, na hatimaye bwana huyo anamwoa. Watu waliigombania. Baadaye akatoa riwaya nyingine, Clarissa, kwa mafungu, 1747 hadi 1748, na wasomaji walipohisi kwamba binti wa hadithi hiyo atakufa wakamsihi kwa barua amnusuru. Akakataa. Mills & Boon, kampuni iliyoanzishwa London 1908 na kugeukia riwaya za mapenzi miaka ya 1930, ilijijengea jina kwa kutoa kile ambacho wasomaji wale walikiomba wakanyimwa.

Kijitabu cha namna hiyo kina maneno kama 50,000, kurasa zipatazo 190, na kazi kubwa humo ni kuchelewesha. Tuchukue mfano wa hapa kwetu: nesi wa Kasulu na fundi wa injini za boti pale Kibirizi. Wakutane mapema, ndani ya kurasa 15 hivi. Wakichelewa, msomaji atakuwa ameshampenda mtu mwingine kitabuni. Kisha kila mmoja awe na sababu ya kukataa iliyokuwepo kabla hawajaonana. Fundi anadaiwa na kaka zake fedha za injini, na ameapa kutooa kabla ya kuzilipa. Nesi aliwahi kuachwa na mwanamume aliyesema atarudi baada ya mwezi. Kila wanaposogeleana, sababu hizo zinawavuta nyuma.

Hapo ndipo penye utamu wenyewe. Msomaji anajua yaliyo moyoni mwa wote wawili, wao hawajui. Anabeba siri mbili na hana wa kumwambia. Ndiyo maana vidole vikigusana wakati wa kupokea kikombe cha chai, mwandishi anaweza kutumia ukurasa mzima na asimchoshe mtu. Kwenye ukurasa wa 150 hivi wanaachana, na sababu zile zile za mwanzo ndizo zinazowaachanisha. Mkeo analilia hapo.

Riwaya mbovu utaitambua kwa kizuizi chake. Nesi anamwona fundi sokoni Mwanga na mwanamke mwingine, anaondoka kwa hasira, na kurasa 60 baadaye kumbe alikuwa dada yake! Swali moja lingemaliza yote, na msomaji anahisi ameibiwa muda wake. Nyingine huharibiwa na machozi. Mhusika akilia kila sura, msomaji habakiwi na kazi. Akijizuia, akaendelea kukunja shuka za wodi huku mikono inamtetemeka, msomaji ndiye atakayemlilia. Upatanisho nao hauwi wa bure. Fundi akija na kitenge cha Kongo, ameleta zawadi tu. Akirudi siku ile ile aliyoitaja, hata kama mfukoni hana kitu, amejibu hofu ya nesi.

Kuna jambo nisilolipenda, nalo limo tangu Pamela: mwanamume anayetisha, anayekamata mkono kwa nguvu, halafu tunaambiwa huo ulikuwa upendo. Riwaya inayohitaji hilo imeshindwa kutafuta kizuizi cha kweli.

Riwaya zetu nyingi za Kiswahili huenda njia nyingine. Mmoja anaugua, anakufa, au tamaa inamponza, na msomaji anabaki na onyo. Nazo nazipenda, lakini mtu huzisoma akiwa amejikinga, kwa kuwa anasubiri pigo. Usizilinganishe na anazosoma mkeo.

Ukitaka kuelewa zaidi ya nilivyoeleza, usimwombe akusimulie. Mwombe kitabu alichokirudia mara mbili. Soma hadi pale wanapoachana, kifunge, ukae siku nzima bila kuendelea. Kisha muulize mkamwana wangu: kama angekuwa yeye mwandishi, mwanamume wa kitabu hicho angetakiwa afanye nini ili apokewe? Msikilize mpaka amalize, usimkatize. Ndipo ufungue kurasa zilizobaki.

Mama yako