Jibu: Je, 4,294,967,297 ni namba tasa?

Ndugu, umeeleza kwamba umeigawa 4,294,967,297 kwa kila namba tasa iliyo chini ya 100, ukabaki na baki kila mara, na sasa unataka kuhitimisha kwamba nayo ni tasa. Usihitimishe bado, kwa kuwa kipeuo chake cha pili kinazidi kidogo 65,536, na huko kote kigawo kinaweza kujificha.

Kuna njia fupi. Namba yako ni 2 kwa kipeo cha 32, ukiongeza 1. Fermat, mwanahisabati wa Ufaransa, aliidhania tasa. Kila kigawo chake tasa lazima kibakize 1 kikigawanywa kwa 64, hivyo jaribu 193, 257, 449, 577, kisha 641. Hapo utapata 641 × 6,700,417, jawabu alilolitoa mwanahisabati Euler mwaka 1732, tena bila kikokotoo.

Jihadhari na jaribio la Fermat kwa msingi wa 2 (kupandisha 2 kwa kipeo cha namba yako ukitoa 1, kisha kugawa kwa namba hiyo na kuona kama baki ni 1), maana namba hii hulipita ingawa si tasa. Kwa namba za mamia ya tarakimu, hasa za usimbaji wa siri, tumia programu iliyothibitishwa au mwone mtaalamu.