Waya wa pesimeka na mkono uliofungwa leso

SWALI: Asalamu aleikum daktari. Baba yangu ni nahodha wa miaka 63, twaishi Langoni, Lamu. Wiki nne zilizopita aliwekewa Nairobi pesimeka ya nyaya tatu, kile kifaa cha umeme cha kuuamsha moyo upige, kwa sababu moyo wake umetanuka na kuchoka. Tuliambiwa waya unaweza kutoka mahali pake, kwa hiyo tumemfunga mkono wa kushoto kifuani kwa leso usiku na mchana. Sasa bega halisogei na lamuuma. Tena tangu juzi, akilalia ubavu wa kushoto, tumbo lamdunda kama mwenye kwikwi. Mkandaji wetu asema ataulegeza mkono na kuurudisha waya. Tumruhusu?

JIBU: Waalaikum salaam, mwanangu. Msimruhusu. Fungueni hiyo leso leo, na kesho asubuhi baba afike hospitali. Lakini akipungukiwa na pumzi, akizimia au akivimba miguu ghafla, msingoje asubuhi.

Barua kama yako nazipokea mara kwa mara, na mwendo wake ni ule ule. Daktari asema mkono usinyanyuliwe juu ya bega. Maneno yakifika nyumbani yamekuwa “mkono usisogee kabisa”. Bega laganda kwa kukosa kazi. Maumivu yaja, mkandaji aitwa, na yeye ndiye anayeuvuta na kuuzungusha mkono kwa nguvu, jambo lile lile ambalo familia nzima ilikuwa ikiliogopa. Hofu ya waya kutoka ndiyo inayomkaribisha mtu wa kuutoa.

Nyaya haziwekwi zikiwa zimekazwa. Daktari huziachia urefu wa ziada ndani ya moyo, kama kamba ya nanga inavyoachiwa kwa ajili ya kujaa na kupwa kwa maji, ili mgonjwa akivuta pumzi au akisimama zisivutike. Pale kifuani hufungwa kwenye msuli kwa uzi, juu ya kifuko kidogo cha mpira kinachoulinda waya. Kuosha uso, kula, kukunja kiwiko, kuupeleka mkono mbele na nyuma chini ya bega: hayo yote ni salama tangu siku za mwanzo, na bega layahitaji. Kuinua mikono ya takbira hakudhuru kiwiko kikibaki chini ya bega. Katika sijida asiuegemee mkono huo wakati wa kuinuka, au aswali amekaa mpaka daktari amruhusu.

Linalodhuru ni kunyanyua, kuvuta na kusukuma kwa nguvu katika wiki nne hadi sita za kwanza, kabla nyama haijashikamana na nyaya. Kwa baba yako hiyo ni nanga, tanga na dumu la maji. Yapo mawili ambayo watu hawayafikirii. La kwanza ni kanzu: kuivaa kwa kuipitisha kichwani hunyanyua mikono yote miwili. Kwa sasa avae shati la vifungo, mkono wa kushoto utangulie. La pili ni gatini. Maji yakipwa na boti ikiwa chini, kila kijana mwenye huruma humshika mzee kwapani na kumvuta. Mwambieni anayemsaidia amshike kiunoni na upande wa kulia.

Sasa hiyo kwikwi. Katika nyaya tatu, mbili hukaa upande wa kulia wa moyo, na kwa kawaida ncha zake hukazwa kwenye ukuta wa moyo kwa skrubu ndogo. Wa tatu, unaoamsha upande wa kushoto, hupitishwa ndani ya vena za moyo wenyewe na mara nyingi hushikwa na umbo lake lililopinda tu. Ndio unaoongoza kwa kuhama. Karibu na vena hizo hupita neva ya diaframu, ule msuli wa kupumulia. Umeme ukiigusa, tumbo hudunda. Huenda waya umesogea; huenda haukusogea, ila uko karibu na neva na kulala ubavu kumedhihirisha jambo lililokuwapo.

Kwa mkono au kwa jicho hakuna awezaye kuyatenganisha hayo mawili. Anzeni hapo Lamu, hospitali ya King Fahd, kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo) na eksirei ya kifua, ya mbele na ya ubavuni, kisha zilinganishwe na zile za siku aliyowekewa. Baadaye kifaa kisomwe kwa kompyuta yake na waliokiweka, waone umeme kiasi gani wahitajika kuuamsha moyo. Kama waya wake una ncha nne za umeme, mara nyingi hubadilishwa ncha inayotumika, au umeme hupunguzwa, na kwikwi huisha bila kisu. Ukiwa umehama kweli, atarudishwa chumba cha upasuaji. Ama bega, fiziotherapia, yaani mazoezi ya viungo, itafuata baada ya majibu.

Mtu anayedai ataurudisha kwa mafuta ya nazi waya uliomo ndani ya vena ya moyo, tena akatoza pesa, adanganya. Wapo na wanaopiga hijama juu ya kovu. Kikombe chavuta ngozi iliyofunika kifaa, wembe wafungulia vijidudu njia, na maambukizi yakiingia kwenye mfuko wa pesimeka, kwa kawaida kifaa na nyaya zote hutolewa. Wengine wauza bangili za sumaku “za moyo”, ilhali sumaku kali ikiwekwa karibu na pesimeka hubadilisha utendaji wake. Tena wapo wagonjwa wanaokichezea kifaa chini ya ngozi kwa vidole mpaka kikapinduka na kuzivuta nyaya. Madaktari wa Kanada waliyaandika hayo tangu mwaka 1968.

Nanyi wakandaji wa Lamu na Malindi, kazi yenu naiheshimu kwa mgongo na kwa miguu iliyochoka. Lakini kabla ya kumgusa mtu bega, mvueni shati. Mkiona kovu chini ya mtulinga na kitu kigumu kama kiberiti chini ya ngozi, upande wowote ule, msiuguse mkono huo. Mwelekezeni hospitali.