Muziki wa Gemu Unaanza na Sauti Nne

Gemu ya simu niliyoitungia muziki imeingia sokoni wiki iliyopita, na tangu hapo ujumbe haukatiki: "Kaka, na mimi naanzia wapi?" Najua hamu mliyonayo. Nisikilizeni.

Zamani nilimpelekea prodyuza mmoja kazi zangu. Hata dakika haikuisha, akavua hedifoni: "Hizi kelele za watoto." Liliniuma lile neno, na linaniuma mpaka leo. Nikarudi nyumbani, nikapakua FamiTracker, programu ya bure inayoiga chipu ya sauti ya mashine ya zamani ya gemu ya Nintendo, nikaanza kuuchambua muziki wa gemu ya Super Mario Bros. ya mwaka 1985, noti kwa noti.

Mtunzi wake, Koji Kondo, alikuwa na njia 5 tu za sauti, na ya tano, ya sauti zilizorekodiwa, hakuigusa. Mbili za mawimbi ya mraba akazipa wimbo na sauti ya kuusindikiza. Ya mawimbi ya pembetatu, ambayo ukubwa wa sauti yake haupandi wala haushuki, akaifanya besi. Ya nne inavuma kama redio isiyoshika stesheni. Hiyo ndiyo ngoma! Sikilizeni Mario anaporuka: mlio wake unaazima njia moja ya muziki, sauti moja inakatika kidogo, kisha inarudi. Nani analalamika?

Hata hizo nne ni nyingi. Gemu ya Space Invaders, aliyoibuni Tomohiro Nishikado mwaka 1978, ilikuwa na noti 4 za besi zinazojirudia. Maadui wakipungua mwendo unakaza, na mapigo ya moyo yanaufuata.

Kwa hiyo acheni kukusanya ala mia kwenye kompyuta. Tunga kipande kifupi kwa sauti nne, kiache kijirudie huku unaosha vyombo. Kikikukera, kifute. Mchezaji akikwama hatua moja atakisikia usiku kucha.

Na msikubali kudharauliwa. "Baba Yetu" ya mtunzi Christopher Tin, Sala ya Bwana kwa Kiswahili chetu hiki, ilitungiwa gemu ya Civilization IV ya mwaka 2005. Mwaka 2011 ikapata tuzo ya muziki ya Grammy, ya kwanza kwa muziki uliotungiwa gemu. Kelele za watoto?

Ukimaliza kipande chako, mpe mdogo wako acheze. Usimuulize kama muziki ni mzuri. Angalia tu kama atazima sauti ya simu.